Gari Linamisi: Tafuta Silinda Kwanza, Spea Baadaye

Hotuba kwa mafundi, madereva na wenye magari, Mbeya

Ndugu mafundi, madereva wetu, wenye magari, na ninyi vijana mnaojifunza kazi gereji na vyuoni: kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe, ugonile kwa wenyeji wa Rungwe na Kyela. Asanteni kwa kuweka spana chini asubuhi hii.

Hapa mezani pana plagi nne, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Zimetoka kwenye injini moja ya lita 1.5, ile 1NZ ambayo wengi wenu mnaifungua mkiwa mmefumba macho, kwa sababu imo kwenye IST, Raum, Probox na Premio ndogo. Zimepangwa kwa namba, ya kwanza ikiwa ya upande wa mikanda. Kutoka huko mlikokaa zote nne zinafanana, lakini moja imebeba ushahidi wote tunaouhitaji. Tutazirudia.

Kilichotuleta hapa ni kuacha kupiga ramli. Gari linaingia gereji linatetemeka, fundi anasikiliza nusu dakika, anasema, "Plagi hizo." Zinanunuliwa plagi. Bado. "Basi koili." Zinanunuliwa koili nne za mtumba (koili ndiyo huipa plagi umeme), na moja kati yake ni mbovu kuliko ile iliyotolewa. Sasa gari lina ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani, na mwenye gari ameishiwa. Mara nyingi plagi huwa kweli ndiyo sababu, sikatai. Tatizo ni siku ambayo siyo, maana fundi aliyezoea kubahatisha hana pa kwenda baada ya hapo.

Tuanze na maana yenyewe. Injini ya petroli ya mipigo minne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inazunguka mara 700 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 350 katika dakika hiyo. Silinda ikikosa kuwaka, kranki inapunguza mwendo kidogo palepale ilipotarajia kusukumwa, na wewe uliye kwenye kiti unasikia gari linakohoa. Huko ndiko kumisi. Kompyuta ya gari nayo inajua kwa njia hiyohiyo: sensa ya kranki inapima kila kipande cha mzunguko na kuona wapi mwendo umelegea. Ndiyo maana barabara mbaya ya shambani, ile yenye mawimbi kama bati, inaweza kuidanganya kompyuta irekodi kumisi ambako hakupo. Msimbo mmoja, yaani namba ya kosa, uliojitokeza siku ya kwenda kubeba viazi usikufanye ufungue injini.

Ili silinda iwake inahitaji moto wenye nguvu, hewa na petroli kwa kipimo chake, ambacho ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ya kutosha. Vyote vifike kwa wakati wake. Kwa hiyo fundi ana maswali matatu ya kujibu kabla hajafungua pochi ya mteja: ni silinda ipi, inamisi wakati gani, na inakosa kipi kati ya hivyo vitatu.

Swali la wakati gani linajibiwa na dereva, na wengi wetu hatumuulizi. Muulize vizuri. Linamisi asubuhi tu kukiwa na baridi, halafu linatulia? Fikiria maji yanayopenya kutoka gasketi ya hedi, plagi zilizojaa masizi, au nozeli, kinyunyizi cha petroli, inayovuja usiku kucha. Linaanza baada ya dakika 20, injini ikishapata moto? Koili nyingi hufa hivyo: zikiwa baridi ni nzima, zikichemka zinakata. Linatetemeka sailensi lakini likikanyagwa linanyooka? Hapo kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, mpira wa manifoldi, njia ya kuingizia hewa, umepasuka au gasketi yake imelegea. Liko sawa mjini ila likipandisha mlima limebeba watu ndipo linaanza kuruka? Hiyo ni plagi, koili au mafuta yasiyofika kwa wingi unaotakiwa. Na muulize swali la mwisho ambalo watu hulionea aibu: gari limeoshwa lini? Vijana wa kuosha magari wanapiga injini kwa maji ya presha, maji yanajaa kwenye visima vya plagi, na gari linaondoka pale likiwa safi na linatembea kwa silinda tatu.

Kuna jingine la nyanda hizi. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi linatembelewa na panya, na panya akikosa mahindi anatafuna waya. Kabla ya mashine yoyote, fungua boneti na ufuate waya za nozeli na koili kwa macho na kwa vidole.

Halafu taa ya injini. Ikiwaka tu na kutulia, una muda wa kufika gereji kwa utaratibu. Ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, maana yake kumisi ni kukubwa kiasi cha kuharibu masega ya eksozi, kile kifaa cha kusafisha moshi. Petroli isiyowaka inakwenda kuwakia humo ndani, masega yanapata joto mpaka yanayeyuka na kuziba njia. Dereva anayeona taa inapepesa akiwa ameanza kuupanda Kitonga aondoe mguu, asogee pembeni palipo salama, asiulazimishe mlima. Najua wapo watakaosema masega ya gari lao yalishatolewa zamani. Sawa, lakini petroli hiyohiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kuichanganya oili ya chini, na ringi za pistoni haziwezi kutolewa kama masega.

Sasa silinda ipi. Gari lenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi linasomeka kwa mashine, hata kidude kidogo cha Bluetooth kinachounganishwa na simu kinatosha kwa kazi hii. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakotangatanga, na hapo usikimbilie koili. Tafuta kitu kinachozigusa silinda zote, kama presha ya petroli, hewa inayovuja au petroli yenyewe kuwa chafu. Petroli ya kwenye chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta hilo, na hakuna plagi itakayoitibu. P0351 hadi P0354 zinahusu waya na mzunguko wa umeme wa koili, P0201 hadi P0204 za nozeli. Andika misimbo yote kwenye karatasi kabla hujafuta, pamoja na ile picha ya hali ya gari iliyohifadhiwa wakati kosa linatokea: mizunguko, joto la maji, mzigo wa injini. Ukifuta kwanza umechoma jalada la kesi.

Kuna Toyota za zamani za soko la Japani ambazo hazizungumzi na vidude vya kawaida. Nyingi kati ya hizo unaunganisha tundu namba 4 na 13 za soketi hiyo kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, na kuhesabu mipepeso ya taa ya injini. Angalia sana tundu namba 16, lina umeme wa betri muda wote. Ukikosea hapo unaunguza fyuzi ukiwa na bahati.

Kama mashine haipo kabisa, iwashe injini iwe sailensi na uchomoe soketi ya nozeli moja baada ya nyingine. Silinda nzima ukiizima, injini inashuka mwendo na kutetemeka zaidi. Ukichomoa ukaona hakuna kilichobadilika, umeipata iliyokufa. Chomoa nozeli badala ya koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli inaendelea kumwagika ndani. Na ile tabia ya kuvuta waya wa plagi kwa mkono huku injini inanguruma tuiache leo. Umeme wa pale ni volti elfu 20 na zaidi. Utakupiga wewe, na ukikosa pa kwenda utapiga kifaa cha kuwashia au kompyuta yenyewe. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogee kabisa.

Tumepata kwamba ni silinda ya pili. Inakosa nini? Hapa ndipo kubadilishana vitu ndani ya injini hiyohiyo kunashinda duka lolote la spea. Chukua koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Kitu kimoja tu, usiguse kingine. Futa msimbo, endesha gari katika hali ileile linayomisi. Likirudi na P0303, koili ni mbovu na umeithibitisha bila kutumia hata shilingi. Likirudi na P0302, koili haina kosa. Sasa hamisha plagi kwa namna ileile. Bado ni ya pili? Hamisha nozeli, ukiwa na oringi mpya mkononi. Ikibaki palepale baada ya vitu vitatu, tatizo ni la silinda yenyewe au waya zinazokwenda kwake. Fundi anayehamisha koili, plagi na nozeli kwa mpigo mmoja kwa sababu ana haraka anajikuta na jibu ambalo halisemi chochote.

Mtaniuliza, kwa nini nisipime koili kwa mita ya umeme? Koili za zamani zenye waya mbili, sawa, pima. Hizi za kukaa juu ya plagi zenye waya nne zina elektroniki ndani, na mita haikuambii kama inaweza kuhimili volti elfu 30 injini ikiwa ya moto. Kuhamisha kunakuambia. Waya ndefu za plagi kwenye magari ya distributa, yale ya zamani ambayo koili moja hugawiwa plagi zote, hizo mita inazifaa: kwenye Toyota waya mmoja usizidi kiloomu 25. Ukipata usomaji wa juu, au mita haisomi kabisa, waya umekatika ndani. Na kwa watu wa Tukuyu, ambako mvua na ukungu haviombi ruhusa, kuna kipimo cha bure: usiku, gizani, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye waya hizo injini ikiwa sailensi. Ukiona cheche za bluu zinacheza juu ya mpira, waya zote zibadilishwe.

Turudi mezani. Kabla plagi hazijatolewa, injini iliachwa ipoe, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinang'oka zikiwa za moto. Visima vilipulizwa kwa hewa kwanza ili mchanga usianguke ndani ya silinda. Boliti ya koili ni ya 10, plagi ni ya spana 16.

Ya kwanza, ya tatu na ya nne: angalieni ncha. Rangi ya udongo mkavu, hudhurungi hafifu. Hizo zinawaka vizuri. Ingekuwa nyeusi, kavu, kama chungu cha jikoni, tungesema petroli nyingi au safari fupifupi. Mtu anayetoka Forest kwenda Mwanjelwa, hapahapa mjini, na kurudi kila siku asubuhi ya Julai hampi plagi nafasi ya kupata joto la kujisafisha. Ingekuwa na oili inayong'aa, tungetazama ringi na sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ni injini iliyochemka au iliyokosa petroli. Na plagi moja ikiwa safi kupita kiasi, imeoshwa kama kikombe wakati wenzake wana rangi, hiyo ni maji ya rejeta yanaingia silinda ile.

Sasa ya pili. Ncha imelowa, na ukiinusa ni petroli. Kwa hiyo nozeli inafanya kazi. Kilichokosekana ni moto. Iinue kidogo uizungushe kwenye mwanga. Kwenye kauri nyeupe, kuanzia juu kabisa mpaka kwenye chuma, kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Futa kwa kidole, hautoki. Huo ndio unyayo wa umeme. Badala ya kuruka kwenye ncha ndani ya silinda, umeme uliteremka nje ya kauri na kuingia kwenye chuma, njia fupi. Haya, chukueni mpira wa koili ya silinda hiyohiyo, ule unaoivaa plagi, ukunjeni wazi mtazame ndani. Mstari uleule, umeungua, unalingana na huu kama muhuri na alama yake.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi anatoa plagi hii, anaweka mpya, anarudishia mpira uleule wa koili. Gari linakaa sawa wiki mbili. Njia ya kaboni bado imo ndani ya mpira, umeme unaifuata tena na kuichora kwenye kauri mpya, kisha mteja anarudi akisema plagi ulizomuuzia ni feki. Mpira ubadilishwe pamoja na plagi. Kama mpira hauuzwi peke yake, badilisha koili nzima. Na ujiulize kwa nini umeme ulitafuta njia ya nje. Plagi hii ina gepu, nafasi kati ya ncha zake, la milimita 1.5, wakati injini hii inataka 1.1. Ncha zimelika, gepu limepanuka, volti inayohitajika imepanda, mpira ukashindwa. Ile ya kwanza, ya tatu na ya nne nazo zina karibu 1.4. Hazijamisi bado, lakini zote nne zinaondoka pamoja.

Kama plagi ingetoka kavu kabisa, tungekwenda kwenye nozeli. Weka bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini: nozeli nzima inagonga tik-tik-tik bila kuchoka. Iliyonyamaza, pima ukinzani wake. Nozeli za kawaida za mfumo huu ziko kati ya omu 12 na 16. Omu zikiwa sawa lakini iko kimya, tazama waya, na mkumbuke panya. Presha ya petroli kwenye reli ya 1NZ iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ikishuka chini ya hapo gari halitamisi silinda moja, litakosa nguvu lote. Mashine ikikuonyesha kompyuta inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 10 sailensi, halafu ongezeko hilo linapotea ukifika mizunguko 2,500, tafuta mpira uliopasuka upande wa hewa. Ikiwa ongezeko linakua kadiri unavyokanyaga, angalia pampu na chujio. Wenye injini za D-4, kama 1AZ-FSE, mjue petroli yake inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi migongo ya valvu, na kaboni hujaa huko mpaka hewa inakosa pa kupita. Na presha ya reli yake ni kubwa mno. Msiilegeze injini ikiwa hai.

Sasa kompresheni, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu Mbeya siyo Dar es Salaam. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo wa karibu asilimia 81 ya ule wa pwani. Iringa, iliyo chini kidogo kuliko Mbeya, inapata asilimia 82 au 83. Silinda inavuta hewa iliyopo, haiwezi kugandamiza isiyokuwepo. Kitabu cha 1NZ kinasema injini nzima isome psi 213, na kikomo cha chini ni 156. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Injini hiyohiyo, nzima kabisa, ikipimwa hapa Mwanjelwa itasoma karibu 173, na kikomo chake cha chini kinashuka kuwa karibu 127. Fundi asiyelijua hili anaona 170, anafungua kitabu, anatikisa kichwa na kumwambia mwenye gari injini imechoka. Kuna injini nyingi zimefunguliwa ringi bila kosa lolote ila kuishi mlimani.

Kwa hiyo kwetu huku namba kubwa siyo ya kuitegemea sana. Tegemea tofauti kati ya silinda na silinda. Kitabu kinaruhusu tofauti ya psi 14 tu. Silinda tatu zikisoma 172, 170, 174 na moja 110, huhitaji kujua uko mita ngapi.

Pima hivi. Injini iwe na joto la kazi. Toa plagi zote nne, maana ukiacha tatu ndani injini inazunguka kwa shida na unasoma uongo. Chomoa soketi za koili zote na za nozeli zote. Betri iwe imejaa. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho ili throto, mlango wa hewa, iwe wazi, apige stata mpaka mshale upande mara tano au sita na usimame. Tazama na mruko wa kwanza: silinda nzima inaruka juu mara ya kwanza, mbovu inapanda kwa kusuasua. Silinda iliyo chini, mwagia oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda vizuri, ringi zimelegea. Isipopanda, valvu au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, karibu kila mara ni gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Kujua ni valvu gani, tumieni kompresa ya wajaza upepo hapo barabarani. Leta pistoni ya silinda hiyo juu kabisa mwisho wa kugandamiza, valvu zote zikiwa zimefunga, ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa presha ya wastani, ukiwa umezuia injini isizunguke. Halafu sikiliza. Inapuliza kwenye throto, ni valvu ya kuingiza. Inapuliza eksozi, ni ya kutolea. Kwenye mdomo wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi. Kabla ya kuhukumu valvu, pima nafasi zake injini ikiwa baridi: 1NZ inataka milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutolea. Valvu ya kutolea iliyobanwa haifungi kabisa, haipozi joto lake kwenye kiti chake, na inaungua ukingoni.

Neno kuhusu moshi mweupe. Asubuhi za Juni na Julai hapa, Njombe na Makete, kila gari linatoa mvuke mweupe, huo ni unyevu kwenye eksozi. Gasketi ihukumiwe pale moshi unapoendelea injini ikiwa ya moto na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia.

Mwinuko una mengine. Gari au bodaboda ya kabureta iliyorekebishwa pwani ikifika huku inapata petroli nyingi kwa hewa kidogo, plagi zinakuwa nyeusi na inamisi. Dawa ni jeti ndogo, tundu la kupitishia petroli, siyo plagi mpya kila mwezi. Gari la nozeli lenye sensa nzima linajirekebisha, ila nguvu inapungua. Mgeni kutoka Dar akisema gari limekuwa zito Kitonga, shuku kwanza hewa: uzito wa mwinuko ni laini, haukohoi. Na upande wa pili, hewa nyepesi inairahisishia plagi kuruka moto. Koili dhaifu inaweza kukusitiri hapa ikaanza kumisi ukishuka Morogoro, ambako silinda inajaa hewa nzito na volti inayotakiwa ni kubwa zaidi. Gari linalokwenda pwani lipimwe gepu kabla ya safari.

Kwa wenye dizeli ni fupi. Asubuhi ya baridi injini inatoa moshi mweupe na kutetemeka dakika chache, pima hita za kwenye hedi moja moja; injini ya dizeli haitumii moto wa plagi kabisa. Kwenye injini za pampu ya zamani unaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja kusikia ipi haibadilishi mlio. Kwenye dizeli za kisasa za komoni reli, marufuku. Presha inapita baa 1,000, dizeli inapenya ngozi, na mtu anaweza kukatwa mkono kwa kitu alichodhani ni tone.

Kufunga. Plagi mpya ziwe na namba ya joto ileile ya kitabu. Gepu lipimwe hata kama boksi linasema limeshapimwa, na za iridiamu zipimwe kwa waya mwembamba bila kuchokonoa ncha ya kati, wala zisipigwe brashi ya chuma. Nyuzi ziwe kavu. Ukipaka grisi, kipimo kilekile cha toki, yaani nguvu ya kukaza, kinakaza kupita kiasi. Anza kwa vidole, tumia kipande cha mpira wa mafuta kama mpini, kwa sababu mpira utateleza kabla hujaharibu nyuzi. Kwenye injini hii kaza nyutoni mita 18. Asiye na toki renchi, plagi mpya yenye washa ikishagusa aongeze nusu mzunguko. Plagi iliyokwishatumika, sehemu moja ya 12 ya mzunguko inatosha. Ukikuta oili kisimani, sili za mirija na gasketi ya tapeti zibadilishwe leo, la sivyo mpira mpya wa koili utalainika kama ule wa kwanza.

Halafu futa misimbo na utoke na gari. Sailensi haitoshi. Tafuta mwanzo wa mlima, gia ya juu, mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, kanyaga: mzigo mkubwa kwenye mizunguko michache ndipo plagi na koili hujaribiwa. Barabara ya Chunya ni nzuri kwa kazi hiyo, lakini jaribu ukiwa bado chini, siyo huko juu inakopita mita 2,400, ambako hewa nyepesi itaificha koili mbovu. Rudi usome tena misimbo iliyo njiani kuthibitishwa, hata kama taa haijawaka.

Gari lililotoa plagi hizi liko hapo nje, boneti liko wazi, na mpira mpya wa silinda ya pili haujafungwa. Nawaomba vijana wawili waje na spana ya 10 na ya 16. Maswali tutayajibia hukohuko.